Jina lako si Hermogenes

Cratylus, mazungumzo ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu majina, yanaanza kwa kejeli. Cratylus mwenyewe anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake sahihi kwa asili, si kwa makubaliano ya watu. Hermogenes anamuuliza: wewe jina lako ni Cratylus? Ndiyo. Na Socrates ni Socrates? Ndiyo. Na mimi je? Wewe jina lako si Hermogenes, hata dunia nzima ikikuita hivyo.

Utani umejificha, na Socrates ndiye anayeufumbua. Hermogenes maana yake ni mzawa wa Hermes, mungu wa faida, na huyu bwana, pamoja na kuzaliwa katika ukoo wa matajiri wakubwa wa Athens, hana kitu. Mtoto wa Hermes gani huyo? Ni utani wa kijiweni, lakini umebeba nadharia nzima. Ikiwa jina hueleza asili ya mwenye jina, basi jina lisilomfaa mtu si jina lenye kasoro. Si jina hata kidogo. Baadaye Cratylus anayasema hayo hayo bila kucheka: anayekuita kwa jina lisilo lako anapiga kelele tu, kama mtu anayegonga chombo cha shaba.

Nafundisha maandiko haya, na wanafunzi hutaka sana kuiruka sehemu ndefu ya katikati, ambamo Socrates anachambua asili ya majina zaidi ya mia moja. Poseidon, kwa mfano: mtunga jina alikuwa akitembea, bahari ikamzuia kama pingu ya miguuni, ndipo akampa mungu wake jina lenye “mguu” na “kifungo” ndani yake. Socrates anajicheka mwenyewe. Anasema hekima hii imempanda ghafla, huenda ameambukizwa na mtabiri Euthyphro aliyekuwa naye tangu alfajiri, na kesho watafute kuhani au msofisti (mwalimu wa hekima wa kulipwa) wa kumtakasa.

Je, ni mzaha mtupu? David Sedley wa Cambridge amesisitiza kwamba Plato aliuchukulia uchambuzi huu kwa uzito. Namkubalia, ila sikubali kwamba uzito unaufukuza mzaha. Socrates anapoona majina mengi mno yanaashiria mwendo, anasema watunga majina wa kale lazima walizunguka sana kuusaka ukweli hadi wakashikwa na kizunguzungu, wakadhani ni vitu vinavyozunguka. Msomaji anacheka na kuendelea. Kumbe hoja kuu imeshatolewa, kurasa nyingi kabla ya kutamkwa waziwazi: hata jina likichambuliwa barabara, linachotufunulia ni maoni ya aliyelitunga, na huyo angeweza kukosea.

Jukwaani mambo yalikuwa makali zaidi. Katika Mawingu, tamthilia ya mwaka 423 KK, Aristophanes anamleta Strepsiades, mzee wa shamba aliyezama kwenye madeni, kwa Socrates ajifunze kuwakwepa wadai. Anachofundishwa? Kwamba ni kosa kuwaita jogoo na tetea kwa neno moja, na kwamba chombo cha kukandia unga, ambacho jina lake katika sarufi ya Kigiriki ni la kike lakini lina mwisho wa kiume, kibadilishiwe mwisho. Mshale huo unamlenga msofisti Protagoras zaidi kuliko Socrates: Aristotle anatuambia kwamba Protagoras alitaka neno la Kigiriki la “ghadhabu” lihesabiwe kuwa la kiume. Sisi tunaosema “kipofu amefika” bila kujali ki- yake tunaelewa kwa nini watazamaji walicheka. Umbo la neno lina njia yake.

Ninaoupenda kuliko wote ni mzaha wa mbwa katika Euthydemus, mazungumzo mengine ya Plato. Dionysodorus, msofisti na ndugu yake Euthydemus, anamuuliza kijana Ctesippus kama ana mbwa. Ninaye, tena mkorofi. Ana watoto? Anao, wakorofi kama yeye. Basi mbwa ni baba, na mbwa ni wako, kwa hiyo ni baba yako, na wewe ni ndugu wa vibwa. Unampiga? Nampiga, anacheka Ctesippus, maana siwezi kukupiga wewe. Kumbe unampiga baba yako! Ctesippus anajibu kwamba anayestahili kipigo hasa ni baba yenu nyie, kwa kuzaa watoto wenye akili namna hii.

Plato hasahihishi kosa. Anaacha watu wacheke. Aristotle ndiye aliyeketi kulichambua. Alitaja njia 6 ambazo lugha hutuponza, na nyingine 7 zisizotokana na lugha, kisha mbwa akamweka katika kundi la pili. Waliosema tatizo ni utata wa “wako” (wako kama mali, au wako kama mzazi?) aliwakatalia. Kwake kosa ni kuunganisha sifa mbili kwa sababu tu zimekutana kwa mnyama mmoja. Mimi bado niko upande wa aliowakatalia.