Simu ya Panmunjom: kuzuia vita na Korea Kaskazini kabla ya kupatana nayo

Tarehe 9 Oktoba 2024, jeshi la Korea Kaskazini lilitangaza kwamba linakata kabisa barabara na reli zinazoiunganisha nchi hiyo na Korea Kusini. Mwanzoni mwa mwaka huo kiongozi wake, Kim Jong Un, alikuwa ameachana na lengo la kuiunganisha rasi ya Korea na kuitaja Kusini kuwa adui mkuu. Hata hivyo, asubuhi ya tangazo hilo jeshi lake liliwapigia simu wanajeshi wa Marekani walioko Kusini, likawaeleza kazi itakayofanyika mpakani na kusema kwamba linatoa taarifa mapema ili kuepusha kutoelewana na mapigano yasiyokusudiwa. Siku sita baadaye baruti zililipuliwa na barabara zikapasuliwa. Wanajeshi wa Kusini walifyatua risasi ndani ya upande wao, na mambo yakaishia hapo.

Tukio hilo linaonyesha jambo ambalo mijadala mingi kuhusu Korea Kaskazini hulipita haraka. Kuzuia vita ni kazi moja, na kuiondolea nchi silaha za nyuklia ni kazi nyingine. Kazi ya pili inaweza kuchukua kizazi kizima, lakini ya kwanza haiwezi kuahirishwa hata kwa wiki moja.

Vita vya Korea vilisimamishwa tarehe 27 Julai 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano, na hadi leo hakuna mkataba wa amani uliotiwa saini. Majeshi mawili yanatazamana kwenye ukanda wenye upana wa kilomita 4 unaokatiza rasi nzima, na jiji la Seoul, pamoja na mamilioni ya wakazi wake, liko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka hapo. Mwezi Septemba 2022 Korea Kaskazini ilipitisha sheria inayoelekeza kwamba, iwapo mfumo wake wa amri utakuwa hatarini kwa kushambuliwa, silaha za nyuklia zitumike mara moja. Sheria ya aina hiyo inapunguza muda wa kufikiri. Kamanda anayeona kitu asichokielewa kwenye rada hana tena nafasi ya kusubiri mpaka picha iwe wazi.

Mtu asidhani kwamba hofu hii ni ya vitabuni tu. Tarehe 13 Januari 2018, wakati uhusiano wa Washington na Pyongyang ulipokuwa mbaya sana, wakazi wa Hawaii walipokea kwenye simu zao tahadhari kwamba kombora la balistiki linaelekea kwao. Ilichukua dakika 38 kabla ya ujumbe mwingine kutumwa kueleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa kosa. Katika dakika hizo watu waliwaficha watoto na kuwaaga ndugu zao. Kwa bahati nzuri walioamini ujumbe huo walikuwa raia, wala si watu wenye mamlaka ya kujibu kwa silaha.

Ndiyo maana simu iliyoko Panmunjom, kijiji cha mpakani ambako pande mbili hukutana, ina thamani kubwa kuliko inavyofikiriwa. Maofisa wa Kamandi ya Umoja wa Mataifa, jeshi la kimataifa linaloongozwa na Marekani upande wa Kusini, hupiga na kupokea simu na wenzao wa Kaskazini mara mbili kwa siku, saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, hata kama hakuna la kusema, ili kuhakikisha tu kwamba upande wa pili yupo mtu. Mwaka 2013 Kaskazini iliikata laini hiyo, nayo ikabaki kimya hadi 2018. Katika miaka hiyo, ambamo majaribio matatu ya nyuklia yalifanyika, wanajeshi wa upande wa Kusini walilazimika kusimama kwenye mstari wa mpaka na kusoma taarifa zao kwa kipaza sauti cha mkononi, bila uhakika kwamba ujumbe umefika kwa anayehusika.

Wapo wanaosema kwamba kuzungumza na serikali kama hiyo ni kuizawadia. Nawaelewa, kwa kuwa Pyongyang imevunja ahadi nzito. Lakini tuitazame historia kwa ukamilifu. Mwezi Juni 1994, Marekani ilipokuwa ikitafakari kuushambulia mtambo wa nyuklia wa Kaskazini ulioko Yongbyon, Rais mstaafu Jimmy Carter alikwenda Pyongyang kukutana na Kim Il Sung, kiongozi wa Kaskazini wakati huo, na kufikia Oktoba makubaliano yalitiwa saini Geneva. Kaskazini ilisimamisha kinu chake, na fimbo zipatazo 8,000 za fueli iliyotumika zikawekwa chini ya macho ya wakaguzi wa kimataifa. Kwa upande wake iliahidiwa tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka na vinu viwili vya umeme. Vinu vilichelewa mno, na Kaskazini nayo ilianza kurutubisha urani kwa siri, njia nyingine ya kupata malighafi ya bomu. Mwaka 2002 makubaliano yalivunjika, wakaguzi wakafukuzwa, na mwezi Oktoba 2006 bomu la kwanza likajaribiwa. Kwa hukumu yangu, pande zote mbili zilikosea, lakini miaka minane ya plutoni iliyofungiwa, yaani malighafi ya bomu inayopatikana katika fueli hiyo, ilikuwa mafanikio ya kweli, na kuyaacha yapotee bila kuwa na kitu cha kuweka mahali pake lilikuwa kosa la gharama kubwa.

Vikwazo navyo vina nafasi yake. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama wakati Azimio 1718, lililoiwekea Kaskazini vikwazo, lilipopitishwa kwa kauli moja mwezi huo wa Oktoba 2006, na Uganda ilitangaza mwaka 2016 kwamba inasitisha ushirikiano wa kijeshi na Pyongyang. Lakini vikwazo vinahitaji wa kuvifuatilia, na jopo la wataalamu lililofanya kazi hiyo lilikoma mwaka 2024 baada ya kura ya turufu ya Urusi.

Kilichobaki ni hatua ndogo zinazoweza kuchukuliwa bila kusubiri suluhu kubwa. Makubaliano ya kijeshi ya Septemba 2018 baina ya Korea mbili yalikataza mazoezi ya mizinga ndani ya kilomita 5 kutoka mstari wa mpaka, yakaweka maeneo ambayo ndege hazikuruhusiwa kuruka, na kila upande ukabomoa vituo 10 vya ulinzi. Yalisambaratika mwishoni mwa 2023, miezi kadhaa baada ya Kaskazini kuacha kupokea simu za Kusini, kwenye laini tofauti na ile ya Kamandi ya Umoja wa Mataifa. Mwezi Juni 2025 Rais mpya wa Kusini, Lee Jae-myung, aliamuru vipaza sauti vya propaganda mpakani vizimwe. Siku iliyofuata, kelele ambazo Kaskazini ilikuwa ikiwapigia wanavijiji wa upande wa pili usiku na mchana nazo hazikusikika tena, ingawa hakuna karatasi yoyote iliyokuwa imetiwa saini.