Udhibiti wa moshi wa dizeli kwenye mitambo ya kuchimba mafuta baharini

Mitambo mingi ya kuchimba mafuta baharini hujizalishia umeme kwa jenereta kubwa za dizeli zinazonguruma usiku na mchana, na moshi wake hutoka karibu na mahali watu wanapofanya kazi, wanapokula na kulala. Udhibiti wa moshi ni jumla ya hatua za kupunguza sumu iliyomo, kuuelekeza mbali na watu, na kuzuia joto na cheche zake zisiwashe gesi.

Sumu zenyewe ni masizi, oksidi za nitrojeni, monoksidi ya kaboni na dioksidi ya salfa. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Salfa ndiyo nyepesi kuimudu: tumia dizeli yenye salfa kidogo, basi. Nitrojeni ni ngumu, maana inatoka kwenye hewa yenyewe. Joto kali ndani ya silinda ndilo linaloiunganisha na oksijeni. Dawa yake kubwa ni kunyunyizia maji ya yurea kwenye moshi. Yurea hugeuka amonia, kisha ndani ya kichocheo, yaani kifaa kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, amonia huzirudisha oksidi hizo kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Lakini kichocheo hicho hutaka moshi wa moto, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na hapo ndipo penye kazi. Mtambo unaoelea bila nanga, ukijishikilia mahali pake kwa propela, huwasha injini nyingi kuliko zinazohitajika ili moja ikizimika ghafla usisukumwe na mawimbi huku bomba la kuchimbia likiwa kisimani. Kila injini hubeba mzigo mdogo, moshi hupoa, masizi huongezeka, na kichocheo hakifanyi kazi ipasavyo. Kwa maoni yangu, kupanga mzigo vizuri, au kuweka betri za akiba ili injini kadhaa zizimwe, kunatangulia ununuzi wa kichujio chochote.

Upande wa moto, ekzosi hufunikwa kwa kihami joto na kufungwa vizuia cheche. Mdomo wake nao hauelekezwi popote tu. Hewa ya moto juu ya uwanja wa helikopta hupunguza nguvu ya kuiinua. Mwongozo wa Uingereza huhesabu hata ongezeko la nyuzi 2 kuwa jambo la kuangaliwa. Tena upepo ukigeuka, moshi uleule unaweza kuvutwa na feni za vyumba vya kulala.