Kuskusi ya Jumanne Usiku na Dhana Nyingine Kuhusu Casablanca

"Kuskusi kule ni kama ugali kwetu, ipo tu." Wateja wangu wote wanaoniaga kwenda Casablanca, Moroko, wanaondoka na imani hii. Mashabiki walioifuata Simba kwa Raja na Wydad, timu za soka za mji huo, mwaka 2023 walikuwa nayo, na wafanyabiashara wanaolala usiku mmoja kusubiri ndege nao wanayo. Halafu Jumanne saa tatu usiku simu inaita: "Bosi, tuelekeze kwenye kuskusi."

Jamani, kuskusi ni chakula cha Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini. Si kwamba siku nyingine ni mwiko. Ni kazi yake. Chembe za ngano hunyunyiziwa maji na mafuta, zikasuguliwa kwa viganja zisishikane, kisha zikawekwa kwenye chombo chenye matundu juu ya sufuria ya mchuzi, ziive kwa mvuke. Zinamwagwa kwenye sinia, zinachambuliwa kwa mkono, zinanyunyiziwa tena, zinarudi jikoni. Kwa kawaida mzunguko huo ni mara tatu. Ndipo ije nyama, karoti, boga na kabichi juu yake, na bilauri ya mtindi mwepesi pembeni. Nani akufanyie hayo yote peke yako Jumanne usiku? Anayekubali anakupashia kiporo chenye mabonge, nawe unarudi Dar kutangaza kwamba chakula cha Moroko kinasifiwa bure. Ukiweza kuchagua tarehe ya tiketi, Ijumaa mchana uwe mjini. Ingia mkahawa mdogo uliojaa wenyeji, na uwahi, maana ikiisha imeisha.

Siku nyingine kula samaki. Mji umekaa juu ya Atlantiki, una bandari kubwa, halafu mtu anaagiza kuku na chipsi! Nenda Marché Central, yaani Soko Kuu, boulevard Mohammed V. Tramu inashusha hapo hapo. Unachagua samaki mbichi mezani kwa muuzaji, anapimwa, unampeleka kwenye mikahawa ya humo humo sokoni wakuchomee. Bei ya kilo na bei ya kuchoma uliza kabla kisu hakijagusa samaki, na macho yako yawe kwenye mizani. Wapenda chaza waulize wa Oualidia, mji wa pwani. Hayo ni mambo ya mchana. Ukienda usiku usinipigie.

"Chakula chao kina pilipili kali." Hapana. Utakutana na binzari nyembamba, tangawizi, mdalasini na zafarani. Mpenda pilipili abebe chupa yake.

"Rick's Café ndiyo ile ya kwenye filamu." Filamu ile ya 1942, iitwayo Casablanca, ilipigwa California. Mgahawa ulifunguliwa 2004. Piga picha ukitaka.

"Nchi ya Kiislamu, bia hakuna." Zipo, kwenye mahoteli na migahawa yenye leseni. Kwenye vibanda vya mji mkongwe usiulize.

"Asiye Mwislamu haingii Msikiti wa Hassan II." Anaingia, kwa ziara za kuongozwa zenye saa zake na tiketi yake. Panga ziara ya asubuhi, ukitoka chukua teksi ndogo nyekundu, hakikisha dereva amewasha mita, mwambie Marché Central. Utafika samaki wakiwa bado wa kuchagua.