Umbali wa anga na muda wa safari ya ndege

Umbali wa anga kati ya viwanja viwili vya ndege ni urefu wa njia fupi kuliko zote inayoviunganisha juu ya uso wa dunia. Njia hiyo hufuata mpindo wa dunia, na urefu wake hupatikana kwa kupiga hesabu ya latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hesabu hiyo hutoa takriban kilomita 420, ilhali anayesafiri kwa gari kupitia Voi na Mtito Andei hukata karibu kilomita 480. Hadi Jeddah, wanakoelekea mahujaji wetu, ni karibu kilomita 2,850, takriban kaskazini moja kwa moja, kwa sababu miji hiyo miwili inakaribia kuwa kwenye longitudo moja.

Umbali haubadiliki; muda ndio unaobadilika, na hapo ndipo wasafiri wengi hupotea. Ndege ya jeti ikishatulia angani huenda kilomita 800 kwa saa au zaidi, hivyo anayegawanya 420 kwa 800 atapata nusu saa na ushei, naye akishika tiketi ataona imeandikwa saa nzima au karibu nayo. Tiketi iko sahihi. Muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na hukoma inapoegeshwa tena, kwa hiyo ndani yake mmo kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda taratibu na kushuka kwa mwendo uliopunguzwa. Safari fupi karibu yote ni kupanda na kushuka. Ndiyo sababu Jeddah, ingawa ni mbali karibu mara saba kuliko Nairobi, haihitaji muda mara saba.

Upepo nao una sehemu yake, na sisi wa pwani tunapaswa kulielewa hili upesi. Ndege huruka kwa kuukabili upepo. Msimu wa kusi hapa Mombasa kwa kawaida huondoka ikielekea kusini-magharibi, na msimu wa kaskazi ikielekea kaskazini-mashariki, ilhali Nairobi iko kaskazini-magharibi, basi ni lazima izunguke kwanza kabla ya kushika njia yake. Huko juu, kilomita 10 hivi kutoka usawa wa bahari, pepo ni nyingine kabisa na hazifuati zile zinazosukuma majahazi: zikiisukuma ndege kwa nyuma huwahi, zikiikabili huchelewa.

Hatimaye, saa za kuondoka na kufika huandikwa kwa majira ya kila mji. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja; hivyo tiketi inayoonyesha kuondoka Mombasa saa nne asubuhi na kufika Dubai saa kumi jioni ni ya safari ya saa tano, wala si sita.