Sadaka hailipwi

Jumatatu iliyopita, ndani ya daladala ya Segerea kwenda Posta, binti aliyekaa dirishani alikuwa akiongea na simu kwa sauti ya kutushirikisha wote: "Shoga, mwezi huu sijalipa sadaka kabisa, nimebanwa na kodi ya nyumba. Mwezi ujao nalipa zote mbili." Nikanyamaza. Jumatano kijana mmoja wa ofisini akaniamkia, na kabla sijaitikia marahaba vizuri akaniuliza, "Mzee, hivi nyie kanisani mnalipa sadaka shilingi ngapi kwa mwezi? Si ndo kama kodi ya kanisa ile?" Ijumaa jioni mtangazaji wa redio naye akasema waumini "wamelipa sadaka zao kwa wingi". Mara tatu kwa wiki moja. Nimeshindwa kuvumilia.

Sadaka ni fedha, mali au chakula anachokitoa mtu kwa hiari yake kwa ajili ya Mungu, kiende kwa wahitaji au kwenye nyumba ya ibada. Basi, hakuna zaidi. Ukiiondoa hiari, kinachobaki ni kodi au faini. Ukimwondoa Mungu, kinachobaki ni msaada au zawadi, vitu vizuri kabisa, ila vina majina yao.

Kinachonikera ni kwamba neno lenyewe linakataa kuunganishwa na "kulipa", na ushahidi wake tunao mdomoni kila siku. Sadaka tumeichukua kwa Waarabu. Mzizi wake ni herufi tatu, swad, dal na qaf, na habari yake ni ukweli. Mzizi huo umezaa watoto wengi humu kwenye Kiswahili, tunaishi nao bila kujua kwamba ni ndugu. Mzee wa baraza akisikia hoja iliyomkuna anasema "swadakta", yaani umesema kweli. Kusadiki, kukubali kwamba jambo ni la kweli, ni humo humo. Jirani zangu Wakatoliki wakisimama kuikiri imani yao wanaanza na "Nasadiki" (sisi Walutheri tunasema "Namwamini", tukapoteza undugu huo). Na yeyote aliyekulia Dar, awe wa dini gani, ameshamsikia msomaji wa Kurani akifunga kisomo kwa "Sadaqallahul adhim", Mwenyezi Mungu Mtukufu amesema kweli. Waarabu hata rafiki wanamwita kwa mzizi huo huo, sadiki, mtu mkweli kwako. Kiebrania, ambacho ni binamu wa Kiarabu, kina tsedaka, nako neno hilo limebeba haki, na ndilo Wayahudi wanaloitia utoaji kwa maskini.

Kwa hiyo sadaka, ukiifuata mpaka kwenye shina, ni tendo la kuthibitisha. Kinywa kimeshasema kinaamini, sasa mkono unaulizwa. Katika Hadithi, Mtume Muhammad aliiita sadaka burhani, yaani ushahidi, na sijaona maelezo mafupi kuliko hayo. Sasa ushahidi unalipwaje? Unatolewa. Hata mahakamani ya Kisutu shahidi anatoa ushahidi, na akiulipia ndipo kesi nyingine inapoanza.

Watoto wa zamani walilijua hili kuliko watangazaji. Mwenye karanga au pipi chache asizoweza kumgawia kila mmoja alikuwa anapaza sauti, "Sadakalawe!" Wenzake, "Amina!" Naye anamalizia, "Mwenye kupata na apate!" na kuzirusha. Aliyerusha hadai, na aliyeokota hadaiwi. Uswahilini mpaka leo ukiambiwa kwa fulani kuna sadaka, unajua ni sinia la wali, utakula, utaomba dua na kuondoka. Hakuna atakayekufuata na risiti.

Sasa nije kwa ndugu yake, zaka, kwa sababu hapa ndipo vurugu ilipoanzia.

Zaka nayo ni ya Kiarabu, ila mzizi wake ni mwingine, wa kutakasika na kukua. Kwa Waislamu ni nguzo ya dini na ina hesabu zake: mali ifike kiwango, ikae mwaka mzima, kisha itolewe asilimia 2.5 kama ni fedha. Mwenye milioni 100 zilizotimiza mwaka anatoa milioni mbili na nusu, na waliostahili kupewa wametajwa, makundi manane, katika Sura ya Tawba aya ya 60. Wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la Kiswahili la ile sehemu ya kumi ya Waisraeli, wakaliazima hilo hilo. Ndiyo maana Malaki 3:10 inasomeka "Leteni zaka kamili ghalani", na Wakristo wengi tangu hapo wanajua zaka ni asilimia kumi, wakati kwa Mwislamu aliyekaa naye meza moja ni moja ya arobaini. Kwingine Biblia inasema "fungu la kumi", kama pale Abramu alipompa Melkizedeki, na mimi naona lingebaki hilo tungesumbuka kidogo.

Kuna jambo hapa linanichekesha. Kiarabu kina neno lake la sehemu ya kumi, ushri, na kwenye zaka ya mazao yaliyonyweshwa na mvua ndiyo kiwango chenyewe, moja ya kumi. Neno hilo tulilipokea, tena tunalitumia kila siku. Ni ushuru. Ule anaotozwa mama wa mchicha sokoni, ule wa bandarini. Ni ndugu wa ishirini na wa Ashura, siku ya kumi ya Muharram. Yaani "fungu la kumi" kwa Kiarabu chetu cha mtaani ni ushuru! Yule kijana wa ofisini angeniuliza kama fungu la kumi ni ushuru wa kanisa, ningemwambia swadakta, walau kwa upande wa lugha. Yeye akaenda kumkamata ndugu asiye na kosa.

Na kulipa zaka kunakubalika. Yesu mwenyewe, katika Biblia ya Kiswahili, anawaambia Mafarisayo "mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira", akiwasuta kwamba wanapima mpaka viungo vya jikoni huku wameacha adili, rehema na imani. Zaka ina kiwango, na chenye kiwango kinaweza kupungua, na kilichopungua kinalipwa. Kwa Wasabato mgawanyo huu uko wazi kuliko kwetu: zaka inapelekwa ngazi za juu kwa ajili ya wachungaji na kazi ya injili, sadaka ndiyo inayokarabati kanisa la mahali.

Nilipomweleza haya mwenzangu wa uhasibu, mama mmoja Mwislamu asiyependa makosa ya hesabu wala ya dini, akaniambia, "Kaka, usijisahau. Aya hiyo hiyo ya 60 inayotaja makundi manane imetumia neno 'sadaqat'." Nikaenda kuangalia, ni kweli. Kurani hapo imeiita zaka sadaka. Kwa hiyo kila zaka yaweza kuitwa sadaka, lakini si kila sadaka ni zaka. Namshukuru, na nimejirekebisha. Ila na yeye alikubali kwamba hajawahi kusikia mtu akidaiwa sadaka ya mwezi uliopita.

Mimi ni mmoja wa wazee wa kanisa wanaohesabu sadaka Jumapili, hivyo swali la kwa nini watu wanatoa nakutana nalo likiwa limekunjwa. Tunamwaga kapu juu ya meza ya ofisi ya usharika, tunatenganisha sarafu za mia mbili na mia tano, tunanyoosha noti. Kuna noti ya elfu moja huja kila wiki imekunjwa mara nne mpaka imekuwa kama kidonge, inanuka mafuta ya vitumbua. Hatujui ni ya nani, na hatuulizi, ingawa nadhani sote tunajua. Kuna elfu kumi mpya zinazoingia bila kukunjwa, zimeshikwa juu njia nzima kutoka benchi hadi kapuni. Siku hizi nusu ya watu hawagusi kapu, wanatuma kwa lipa namba iliyobandikwa mlangoni. Mhazini wetu anasema simu imetuondolea noti chafu. Imetuondolea na harufu ya vitumbua.

Wanatoa kwa nini? Wengine shukrani: mtoto amepona, ajira imepatikana, nyumba imepauliwa. Wengine utii, wamefundishwa na wazazi wao na hawaoni cha kujadili. Wengine wanajua tu kwamba mchungaji na mwinjilisti wanakula, mlinzi analipwa, luku inakatika katikati ya ibada, na sehemu ya makusanyo inakwenda dayosisi. Serikali yetu haimlipi mchungaji mshahara. Wengine wanatoa kwa sababu safu nzima imesimama kwenda mbele, na kubaki umekaa peke yako kwenye benchi kunahitaji ujasiri ambao si kila mtu anao. Hilo nalo nalisema, kwa sababu nimeona watu wakipitisha ngumi tupu juu ya kapu. Ningependa wajue kwamba hakuna anayewadai. Paulo aliwaandikia Wakorintho kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe, yaani usiseme.

Anayetaka kuiona kodi ya kanisa hasa, aitazame Ujerumani. Kule mwanachama wa kanisa kubwa, Katoliki au la Kiinjili, anaongezewa juu ya kodi yake ya mapato asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo, kutegemea jimbo, na kwa kawaida ofisi ya kodi ndiyo inayoikusanya na kuyapelekea makanisa. Asiyetaka anajitoa rasmi. Wajerumani hao hao ndio waliojenga Azania Front pale mbele ya bandari, lakini utaratibu huo hawakutuachia. Ukiingia Azania Front Jumapili hii hakuna atakayekuuliza kipato chako.

Kosa la pili, linalonikera zaidi maana linafanywa na wanaojua, ni la kuiita sadaka mbegu. "Panda mbegu ya laki moja, Mungu akufungulie ya milioni." Najua wanatoa wapi: apandaye haba atavuna haba, imeandikwa. Na Malaki yenyewe, lazima nikiri, inasema wazi "mkanijaribu kwa njia hiyo", na inaahidi madirisha ya mbinguni kufunguliwa. Lakini hapo inazungumzia zaka za taifa zima, kwenda kwenye ghala lenye chakula, na Kumbukumbu la Torati inaeleza chakula hicho kilivyowahusu Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Sioni pale mtu mmoja aliyeahidiwa gari. Na Kiswahili chenyewe kinawasuta. Darasa la pili tulifundishwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Sadaka tunaitoa. Ukitoa, kinapungua, na kupungua huko ndiko kunakoonyesha kwamba ulimaanisha. Yule mjane wa senti mbili alisifiwa kwa sababu hakubakiwa na kitu, na Injili haituambii kama kesho yake alivuna chochote. Anayefundisha kuzidisha, afundishe, lakini hiyo ni hesabu nyingine, mjini tunaiita biashara.

Limebaki moja, nalo huenda ndilo lililomchanganya binti wa daladala. Karibu kila kanisa hapa mjini lina ahadi. Mwanzo wa mwaka unapewa kadi au bahasha zenye namba yako, unaandika mwenyewe: jengo, laki tatu, gari la usharika, elfu hamsini. Hakuna aliyekushika mkono. Lakini ukishaandika, fundi ameshaambiwa alete nondo kwa kukutegemea wewe. Kitabu cha Mhubiri katika Biblia nacho kinaonya kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Hapa ndipo kitenzi cha kulipa kinapokaa vizuri, na methali ipo: ahadi ni deni. Sijasikia popote, bara wala pwani, sadaka ni deni.

Kwa hiyo, binti wa dirishani, kama ulikuwa unasema sadaka ya kila Jumapili, mwezi huo umeshapita na hudaiwi. Ukijaliwa mwezi ujao utatoa ya mwezi ujao, na ulipe kwanza hiyo kodi ya nyumba. Na kama kilichokuwa kinakusumbua ni kadi ya jengo, basi ulikuwa sahihi kusema hujalipa, ulikosea jina tu. Mwone mhazini wenu baada ya ibada, daftari analo.