Giza Likiingia, Pete ya Ukuzaji Iwekwe Wapi?

Darubini ya bunduki iliyoandikwa 3-9x40 hukuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Mchana haijalishi sana umeiweka kwenye namba gani. Jua likishazama, ukiiacha kwenye 9 picha inafifia, ukiirudisha chini inang'aa. Kwa sababu hiyo wengi hushusha pete hadi mwisho kila giza linapoingia, na hapo ndipo wanapojinyima msaada ambao darubini ingeweza kuwapa.

Mwanga ulioingia kwa lenzi ya mbele hutokea nyuma ukiwa duara dogo, na duara hilo ndilo linaloingia jichoni. Kipenyo chake hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Kwa lenzi ya milimita 40, ukuzaji wa mara 5 hutoa duara la milimita 8, na wa mara 9 hutoa la milimita 4.4. Mboni ya jicho nayo ina mipaka yake: kwenye jua kali husinyaa hadi milimita 2 au 3, gizani kijana hufikisha karibu 7, na wengi wenye umri wa miaka 60 huishia karibu 5, ingawa watu hutofautiana sana.

Duara likiwa pana kuliko mboni, mwanga wa ziada huangukia nje yake na kupotea. Kwa hiyo kijana mwenye lenzi ya milimita 40 hapati mwangaza zaidi kwa kushuka chini ya mara 6 hivi, na mwenye mboni ya milimita 5 hapati kitu kwa kushuka chini ya mara 8. Anachopata ni picha ndogo tu. Kwa lenzi ya milimita 50 mipaka hiyo ni takriban mara 7 na mara 10. Kwa ya milimita 56 ni mara 8 na mara 11.

Ukipanda juu ya mpaka huo, hasara huenda kwa mraba: duara likipungua nusu, mwangaza hubaki robo. Kwa duara la milimita 4.4, mboni ya 7 hupata kama asilimia 40 tu ya mwangaza ambao ingeweza kupokea, ilhali mboni ya 5 hupata asilimia 77. Ndiyo maana watu wawili hushika darubini moja jioni ile ile wakabishana, na wote wakawa wanasema kweli.

Lakini mwangaza si yote. Gizani jicho hushindwa kutambua vitu vidogo hata vikiwa na mwanga, na kitu kilichokuzwa huonekana kwa urahisi zaidi ijapokuwa kimefifia kidogo. Anzia pale duara linapolingana na mboni yako, kisha panda polepole. Maumbo yakianza kuyeyukia kwenye kivuli, rudi nyuma kidogo. Ipo pia namba ya utusitusi inayotajwa kwenye matangazo, ambayo ni kipeuo cha pili cha zao la ukuzaji na kipenyo cha lenzi ya mbele. Usiitegemee peke yake: 8x56 na 16x28 zote hupata 21.2, ila ya kwanza hutoa duara la milimita 7 na ya pili 1.75.

Kupima duara ni rahisi. Toa risasi zote na uhakikishe chemba ni tupu, au afadhali ufungue darubini kutoka kwenye bunduki. Ielekeze kwenye ukuta wenye mwanga, kamwe si kwenye jua. Weka karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho, isogeze hadi duara liwe na kingo kali (mara nyingi ni sentimita 8 hadi 10), kisha pima kwa rula. Kwenye ukuzaji wa chini duara linaweza kuwa dogo kuliko hesabu inavyosema, kwa sababu sehemu za ndani huziba mwanga wa pembeni. Amini rula.

Bomba nene la darubini, la milimita 30, haliongezi mwangaza. Utando wa lenzi, yaani tabaka jembamba linalopakwa juu ya kioo, huongeza: kila uso wa kioo usio na utando hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, hivyo nyuso kumi hupitisha kama theluthi mbili tu. Vumbi na alama za vidole husambaza mwanga na kuua utofauti wa kivuli na kitu. Alama ya kulengea yenye taa ipunguzwe hadi ionekane kwa shida, la sivyo taa yenyewe itaharibu uoni wako wa gizani, ambao huhitaji dakika 20 hadi 30 kukamilika.

Angalia pia alama ya kulengea ikoje. Ile inayokua pamoja na picha huwa nyembamba mno ukishusha ukuzaji, ikapotea gizani. Isiyobadilika hubaki kuonekana, ila vipimo vya umbali vilivyochorwa juu yake huwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa.

Kutafuta na kutambua kitu kufanyike kwa darubini ya mkononi, kwani popote darubini ya bunduki inapoelekea, mtutu umeelekea hapo hapo. Usipoweza kutambua kwa uhakika kilicho mbele na kilicho nyuma yake, muda wa kufyatua umekwisha, hata kama picha bado inang'aa.