Kibanda cha magogo huanza kuoza chini

Naulizwa sana, hivi unakarabatije nyumba ya magogo ya miaka mia na ushee iliyoko porini kabisa, barabara hamna, umeme hamna, na mashine zenyewe marufuku? Ngoja nieleze, maana kazi hii naipenda mno.

Niko Idaho, Marekani, kwenye pori linaitwa Frank Church–River of No Return, ekari kama milioni 2.3, yaani unganisha Unguja na Pemba halafu zidisha karibu mara nne. Vibanda vingi vilijengwa na wachimba dhahabu, watega wanyama wa manyoya na walinzi wa msitu. Kando ya mto Salmon kuna kwa Jim Moore, yeye alikuwa anawauzia vyakula watu waliokimbilia dhahabu ya Thunder Mountain mwaka 1902, na majengo yake bado yapo.

Sheria ya Marekani ya 1964 ya kulinda mapori (Wilderness Act) imekataza injini na magari, hata toroli halipiti kwa sababu lina gurudumu. Nyingine, ya 1966, inaibana serikali isiyapuuze majengo ya kihistoria. Kwa hiyo tunafanya kwa mikono, mzigo unabebwa na nyumbu (nasema baghala, sio wale wa Serengeti), kila mmoja kama kilo 70, na kukata ni msumeno mrefu wa watu wawili, shoka na tezo, ndiyo, tezo ileile ya mafundi majahazi.

Ugonjwa wenyewe ni maji. Theluji ikiyeyuka inadondoka toka paani, inarusha udongo ukutani, udongo unajaa mwaka hadi mwaka mpaka gogo la chini kabisa linakaa kwenye tope, na kwa nje utaliona zima tu. Mi naligonga na nyundo: zima linalia ko ko, lililooza linatoa sauti kama gunia la pumba. Halafu nachoma na bisibisi, ikizama mpaka mpini basi.

Hapo tunaweka jeki za kuzungusha kwa mkono, ukuta unanyanyuliwa polepole, upana wa kidole tu, maana ukiharakisha pembe zilizofungana zinapasuka. Gogo jipya liwe la mti uleule, unene uleule, lililokauka likiwa bado limesimama. Kama kilichooza ni futi mbili za pembeni nabadilisha hizo futi mbili tu. Wapo mafundi wanaong'oa gogo zima ili kazi ipendeze, mi siafiki kabisa, zile alama za shoka la aliyechonga ndo nyumba yenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni saruji. Kuna kibanda nilikikuta mtu wa zamani kaziba mianya ya magogo kwa saruji, kwa nia njema kabisa. Sasa gogo linavimba na kusinyaa, saruji haisogei, inabaki nafasi nyembamba kama karatasi, maji yanaingia hayatoki. Nilibandua kipande kimoja kikatoka kama kigae, nyuma yake mti umekuwa unga mwekundu, vidole vyote vikazama. Tukaitoa yote, tukaziba kwa udongo wa mfinyanzi, mchanga na chokaa, kitu laini ambacho kikipasuka unakirudishia siku hiyohiyo.

Na kabla sijafunga mizigo kuondoka, nachukua sepetu nasogeza udongo mbali na kuta, nazunguka nyumba nzima, mpaka nione mwanga unapita chini ya lile gogo.